Asilimia thelathini ya nini? Kodi ya kampuni na ya wenye nacho, kuanzia kwenye Luku

Mtu wa Kigoma anaponunua umeme wa Luku kwa mara ya kwanza katika mwezi, hupata uniti pungufu, kwa kuwa hapo hukatwa shilingi 1,500 za kodi ya jengo. Mwenye vyumba viwili vya tofali za kuchoma kule Gungu hukatwa kiasi hicho. Mwenye nyumba kubwa isiyo ya ghorofa, yenye uzio, geti la umeme na baraza linalotazama Ziwa Tanganyika, naye hukatwa 1,500 hiyo hiyo, ingawa bei ya lile geti peke yake ingetosha kuezeka vile vyumba viwili. Makato haya madogo ndiyo mlango mwepesi wa kuingilia swali linalorudi kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, na ambalo limezidi kusikika tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua, Oktoba 2024, tume ya kuangalia maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue: je, kampuni na matajiri walipe zaidi?

Katika vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji swali hili huleta pande mbili upesi. Wapo wasemao kwamba wakubwa hawalipi chochote, mzigo wote uko kwa mnyonge. Wapo wasemao kwamba mwenye kiwanda akibanwa atafunga, na vijana watarudi kukaa vibarazani. Nimesikiliza mabishano haya mara nyingi, na ninaona kwamba pande zote mbili hubishana kuhusu kiwango, yaani ile asilimia, wakati jambo kubwa zaidi ni kile ambacho asilimia hiyo inakatwa. Asilimia 30 ya kitu kisichoonekana ni sifuri, na asilimia 3 ya kila kinachopita mkononi inaweza kummaliza mtu.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chenyewe kimechangia mkanganyiko. Neno “kodi” tunalitumia kwa fedha anazolipa mpangaji kwa mwenye nyumba na pia kwa fedha anazolipa raia kwa serikali. Hapa ninazungumzia hii ya pili. Mauzo ni fedha yote iliyoingia dukani. Faida ni kile kinachobaki baada ya kuondoa gharama. Kipato ni kinachoingia, kama mshahara au faida, na mali ni kile ambacho tayari unacho, kama nyumba, shamba, hisa au mifugo. Mkoani Tabora, katika wilaya za Igunga na Nzega, jambo hili halihitaji darasa: maziwa na ndama anayepelekwa mnadani ni kipato, na kundi lenyewe linalobaki malishoni ni mali. Sheria ya kodi ya Tanzania hugusa sana maziwa na ndama aliyeuzwa. Kundi hailigusi ila kidogo sana, na hapo tutarudi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mshahara, kwa kuwa mwajiriwa hana pa kujificha: kodi inakatwa kabla fedha haijafika benki. Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi. Kipande kinachofuata, hadi 520,000, hutozwa asilimia 8. Kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20. Hadi milioni moja ni asilimia 25. Na kinachozidi milioni moja ni asilimia 30. Mwenye mshahara unaotozwa kodi wa milioni moja kamili hulipa 128,000, ambayo ni chini ya asilimia 13 ya mshahara wake wote. Hapa ndipo ilipo dhana potofu niliyoikuta hata kwa watu waliosoma sana, kwamba ukipandishwa daraja ukavuka milioni moja, kodi itameza nyongeza yote na utabaki na kidogo kuliko ulivyokuwa. Si kweli. Asilimia 30 inakata kile kipande cha juu tu. Ukiongezwa 100,000 juu ya milioni, kodi inayoongezeka ni 30,000, na vipande vya chini vinabaki vilivyokuwa. Mpangilio huu ndio unaofanya mwenye kipato kikubwa atoe sehemu kubwa zaidi, na kwa upande wa mishahara, basi, Tanzania imekwisha kukubali kwamba mwenye nacho alipe zaidi.

Kampuni haina ngazi hizo. Kampuni ya kawaida hutozwa asilimia 30 ya faida, iwe faida hiyo ni milioni kumi au bilioni mia. Mwenye kampuni akigawana faida iliyobaki, gawio nalo hukatwa asilimia 10 kwa kawaida, na asilimia 5 ikiwa kampuni imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo katika kila shilingi 100 za faida, 30 zinakwenda kwa kodi ya kampuni, 7 zinakatwa kwenye zile 70 zinazogawanywa, na mwenyewe anabaki na 63. Anayesema tajiri wa namna hii halipi kitu anakosea. Lakini hesabu hii ina masharti mawili ambayo watetezi wa wenye kampuni huyaruka: faida ionekane, na igawanywe.

Sasa tushuke hadi mwalo wa Kibirizi, asubuhi dagaa wanapoanikwa. Chukua mama mmoja wa mfano, asiye na kampuni wala mhasibu, ambaye kwa mwaka mzima anauza dagaa wa shilingi milioni 40. Kununua kutoka kwa wavuvi kumemgharimu milioni 32. Magunia, vibarua wa kuanika na kufungasha, na nauli ya mzigo hadi Dar es Salaam vimekula milioni 5. Amebaki na milioni 3 za kulishia familia. Mfanyabiashara mdogo wa kiwango chake hutozwa kwa mauzo, kwa kiwango kinachozunguka asilimia 3.5, na kwa mauzo kama hayo kodi inakaribia milioni 1.4. Ukiitazama kwenye mauzo ni asilimia ndogo isiyotisha. Ukiilinganisha na milioni 3 zilizobaki, ni zaidi ya asilimia 40. Huyu mama, ambaye hakuna mtu atakayemwita tajiri, anaweza kutoa sehemu kubwa ya faida yake kuliko kampuni inayotozwa asilimia 30.

Sababu ya serikali kufanya hivyo si ukatili. Mtu asiyeweka hesabu hawezi kutozwa kwa faida, kwa kuwa hakuna ajuaye faida yake, na afisa wa kodi hawezi kukaa mwaloni kuhesabu ndoo. Mauzo ni rahisi kukadiria. Sheria inampa nafasi ya kuandaa hesabu kamili na kutozwa kwa faida, lakini mhasibu naye anataka kulipwa, na kwa mwenye faida ya milioni 3 ada hiyo si ndogo. Kwa hiyo uwezo wa kuonyesha gharama zako kwa namna inayokubalika ni mali ya aina yake, na matajiri wanayo.

Wanayo kwa wingi kiasi kwamba wengine huonyesha gharama ambazo kwa kweli wamejilipa wenyewe. Kampuni kubwa inayofanya kazi katika nchi nyingi huwa na matawi mengi, mengine katika nchi zenye kodi ndogo sana. Tawi la Tanzania linaweza kukopa kutoka kwa kampuni mama na kulipa riba kubwa, au kulilipa tawi jingine kwa ajili ya “ushauri” na haki ya kutumia jina, au kuliuzia bidhaa kwa bei ya chini ili faida ikatokee huko. Ni sawa na mtu anayejikopesha mwenyewe, kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kisha akamwambia mtoza kodi kwamba mfuko wa kushoto hauna kitu kwa sababu una riba ya kulipa. Jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki lilitoa ripoti mwaka 2015 na kukadiria kwamba bara hili linapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa isivyo halali, na sehemu kubwa ya fedha hizo hupitia kwenye biashara za kampuni, si kwenye mabegi ya wala rushwa kama wengi tunavyodhani. Ndiyo maana sheria yetu ina kikomo cha deni kwa kampuni zinazomilikiwa na wageni: deni likizidi uwiano wa 70 kwa 30 dhidi ya mtaji, riba ya ziada haihesabiwi kuwa gharama. Ndiyo maana pia kampuni inayoonyesha hasara miaka mitatu mfululizo hutozwa asilimia ndogo ya mauzo yake, kama yule mama wa dagaa, isipokuwa kwamba asilimia yake ni ya chini zaidi.

Wakazi wa Nzega wana kumbukumbu ya karibu. Mgodi wa Golden Pride, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya dhahabu ya zama za uwekezaji wa kigeni, na umekwisha kufungwa. Katika zama hizo sheria ziliruhusu kampuni za madini kuondoa gharama zao za mtaji haraka kabla ya faida yoyote kuhesabiwa, kwa hiyo kampuni ya madini ingeweza kuchimba kwa miaka kadhaa bila kufikia kulipa kodi ya faida, na bila kuvunja sheria yoyote. Kilichokuwa kikiingia kwa uhakika ni mrabaha, ambao haungoji faida: unakatwa kwenye thamani ya madini yaliyochimbwa. Kwa dhahabu ulikuwa asilimia 3 chini ya sheria ya 1998, ukawa 4 mwaka 2010, na 6 mwaka 2017.

Mwaka huo wa 2017 ndio wa sakata la makinikia, yaani mchanga wenye madini, ambapo kampuni ya dhahabu ya Acacia ilidaiwa dola bilioni 190 za kodi, riba na adhabu. Kampuni ilikana. Mwishowe Barrick, iliyoichukua Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300, na serikali ikapata asilimia 16 ya umiliki wa migodi pamoja na kampuni ya pamoja iitwayo Twiga. Watu bado hubishana kama tulishinda au tulipigwa chenga. Kwangu mimi somo ni la kihesabu: umbali kati ya bilioni 190 na milioni 300 hautokani na kiwango cha kodi, ambacho pande zote mbili zilikijua. Unatokana na kutokubaliana kuhusu dhahabu ilikuwa kiasi gani, ilikuwa na thamani gani, na gharama zipi ni za kweli.

Jambo jingine, na ndilo gumu kuliko yote, ni nani anayeumia. Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, pembe za ndovu zilikuwa mali ya tajiri, lakini bega lilikuwa la mpagazi wa Kinyamwezi. Kodi nayo ina mwenyewe na ina mpagazi. Sheria huandika jina la mwenyewe, na soko ndilo linalochagua bega. Mfano mzuri uko kwenye mazao. Ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara kama tumbaku ni asilimia 3, kisheria hulipwa na mnunuzi. Mkulima wa Urambo au Kaliua hapewi ankara yoyote. Lakini mnunuzi anajua atalipa asilimia hizo kabla hajataja bei, na kama mkulima hana mnunuzi mwingine wa kumkimbilia, ni rahisi sana bei hiyo ikataja ushuru bila kuutamka.

Kwa kampuni ni vivyo hivyo, ila kwa viwango tofauti. Kodi ya faida ikiongezwa, sehemu yake huwaangukia wenye hisa, sehemu yaweza kuwaangukia wafanyakazi kwa mishahara isiyopanda, na sehemu wateja kwa bei kupanda. Wachumi hawajakubaliana ni kiasi gani kinaangukia wapi, na anayekwambia kwamba yote humwangukia mteja, au yote mwenye kampuni, amechagua jibu kabla ya kuuliza. Cha kuangalia ni ushindani. Penye wauzaji wengi, anayepandisha bei hukimbiwa, hivyo kodi hutoka mfukoni mwake mwenyewe. Penye muuzaji mmoja au wawili, bega la mteja liko karibu sana. Na zipo kodi ambazo bega lake halina utata. Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kawaida asilimia 18 kwa Tanzania Bara, hukusanywa na mwenye duka lakini hutoka kwa mnunuzi wa sabuni. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilipitia kwenye kampuni za simu, na kila aliyemtumia mama yake fedha kijijini alijua ni nani aliyeilipa; kelele zikawa kubwa hadi ikapunguzwa ndani ya miezi michache, na tozo ya kutuma ikaondolewa mwaka 2023.

Turudi kwenye kundi la ng'ombe. Tajiri wa kweli mara nyingi hana mshahara mkubwa. Ana viwanja, majengo na hisa za kampuni ambayo haigawi faida bali inaikuza. Thamani inapanda mwaka hadi mwaka na kodi haimgusi sana hadi auze, na kama anahitaji fedha kabla ya kuuza, hati ya kiwanja inampatia mkopo benki, na mkopo si kipato. Hakuna udanganyifu hapo. Ndiyo sababu mjadala wa dunia umehama kutoka kipato kwenda mali. Mwaka 2024, Brazil ikiwa mwenyekiti wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mchumi Gabriel Zucman alipendekeza kwamba wenye utajiri unaozidi dola bilioni moja walipe angalau asilimia 2 ya utajiri huo kila mwaka. Ni watu wapatao 3,000 duniani kote, na makadirio yake yalikuwa dola bilioni 200 hadi 250. Kwa upande wa kampuni, Oktoba 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kodi isiyopungua asilimia 15 kwa kampuni zenye mauzo ya zaidi ya euro milioni 750, ingawa Kenya na Nigeria zilikataa kutia mkono wakati huo.

Je, wakitozwa hawatahama? Baadhi watahama, na hoja hii haifai kupuuzwa. Norway ilipopandisha kodi yake ya utajiri mwaka 2022, matajiri kadhaa walihamia Uswisi. Sweden iliifuta ya kwao mwaka 2007. Ufaransa iliifuta mwaka 2018, lakini tazama ilibakiza nini: kodi ya utajiri wa ardhi na majengo. Hisa zinasafiri kwa kubonyeza kitufe, mwenyewe anasafiri kwa ndege, na nyumba inabaki pale pale ilipojengwa. Anayetaka wenye nacho walipe zaidi bila kuogopa kuwakimbiza ana mahali pazuri pa kuanzia.

Na hapo tunakuta kwamba sisi tumeanzia, kisha tukakata kwa kisu butu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakusanywa kwa Luku, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Zipo nafuu, kama kwa nyumba za udongo na nyasi, na kwa mzee wa miaka 60 anayeishi katika nyumba yake. Kwa ukusanyaji ni ufundi mkubwa: hakuna foleni, hakuna afisa wa kupita nyumba kwa nyumba, hakuna wa kupewa chochote ili apite mbali. Lakini mita ya umeme haijui thamani ya nyumba. Kuithamini kila nyumba ya Manispaa ya Kigoma Ujiji kunataka wathamini, muda na fedha, na sitaki kujifanya kwamba ni kazi ya wiki mbili. Hata hivyo si lazima tuithamini kila moja. Kuigawa miji kwa maeneo na nyumba kwa madaraja matatu au manne ya ukubwa kungetosha kumtenganisha wa geti la umeme na wa vyumba viwili, na kungeleta fedha kutoka kwa watu ambao hawawezi kubeba jengo mgongoni na kuvuka nalo kwenda Burundi.

Wazee wa mkoa huu wangeitambua kodi ya namna hii. Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, kibanda kilikuwa kibanda, na kuitafuta fedha hiyo kulikuja kuwa moja ya sababu zilizowatoa vijana wa Buha kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Kodi ya kichwa, iliyomtoza mtu mzima kwa kuwa tu ana kichwa, iliendelea kwa majina mbalimbali, ikikoma na kurudi, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Fedha ya sasa ni kidogo na hakuna anayekamatwa kwa ajili yake, kwa hiyo siilinganishi machungu yake na ya zamani. Ninachosema ni kwamba mkono wa kuhesabu paa bila kutazama kilicho chini yake ni wa zamani.

Mimi mwenyewe ni mpangaji. Kwa mujibu wa sheria mwenye jengo ndiye anayewajibika, lakini umeme naununua mimi, kwa hiyo kwa mwaka mzima nimelipa 18,000 za nyumba isiyo yangu. Siku moja nilimwonyesha mama mwenye nyumba ujumbe wa Luku kwenye simu. Aliusoma taratibu, akanirudishia simu.

“Hiyo usijali, mwanangu,” akasema. “Utaikata kwenye kodi.”

Miezi miwili baadaye alikuja kuniambia kwamba maisha yamepanda, na kwamba kuanzia Januari kodi nayo itapanda kidogo.